SOMO LA ROBO HII: Safari ya Boti Katika Msitu wa Mikoko, na Swali la Bonde Letu la Mafunjo



Katika kikao chetu cha robo iliyopita tulipokea ombi kutoka Nyabusozi. Kikundi cha vijana kinaomba mradi ugharamie uchimbaji wa mifereji ili bonde la mafunjo likauke, wapate kulima mpunga na mboga. Ombi limeandikwa vizuri na sababu zake ni za kweli. Mashamba ya migomba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi hakuna tena cha kugawa. Kijana anayeoa leo anapata kipande kisichotosha kulisha nyumba yake. Wajumbe wengine walitaka ombi lipitishwe siku ile ile. Wengine walikataa, hasa akina mama, ambao huteka maji pembezoni mwa bonde hilo. Tukakubaliana kwamba jibu litolewe katika kikao kijacho.

Kati ya vikao hivyo viwili, watu watano kutoka kwetu tulihudhuria semina ya mazingira huko Pwani. Baada ya semina tulitumia nusu siku ndani ya boti katika Mto Wami, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kuangalia msitu wa mikoko na viumbe wake. Somo hili halitoi uamuzi kuhusu ombi la vijana. Limeandaliwa ili lisomwe na kujadiliwa katika kila kamati kabla hatujakutana tena.

1. Tulichokiona kutoka kwenye boti

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni mahali ambapo wanyama wa nyika hufika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, na Mto Wami humwaga maji yake huko baharini. Boti huenda polepole, na nahodha hupanga saa ya kuondoka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Sisi wa bara tulishangaa kuona mto unaopanda na kushuka kila siku bila mvua kunyesha.

Mwanzoni, mahali ambapo maji bado ni baridi, kingo za mto zina mikindu na miti mirefu. Juu yake tuliona mbega weusi wenye mabega meupe. Viboko walikuwa wamelala kwa makundi kwenye kina, pua na masikio tu yakionekana. Mamba mmoja alikuwa juu ya mchanga, kinywa wazi, hajali kelele za injini. Furukombe alikaa kwenye tawi kavu akitazama maji, na yangeyange walisimama kando kando wakisubiri samaki.

Kadiri tulivyokaribia bahari, mikindu ilipungua na mikoko ikaanza. Nahodha akazima injini. Hapo ndipo mzee mmoja wa kamati yetu alipouliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: "Mwanangu, tumetoka mbali. Sasa hapa kuna nini cha kuangalia? Mimi naona tope."

Nahodha hakubisha. Alimwambia, "Subiri kidogo, mzee. Angalia chini, usiangalie juu."

Tukatulia. Baada ya dakika chache tope lilianza kutembea. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walitoka katika mashimo yao, mamia kwa mamia, wakipunga gando hilo kana kwamba wanaitana. Samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa walijikokota juu ya tope kwa mapezi yao na kuruka kama vyura. Katika maji ya kina kifupi, kati ya mizizi, kulikuwa na vifaranga vya samaki na kamba wengi kiasi kwamba maji yalionekana yanatetemeka. Mzee yule hakusema neno tena mpaka tuliporudi.

2. Msitu huu unafanya kazi gani?

Watu wa pwani hawasemi "mikoko" tu. Kila mti una jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, msikundazi. Kila mmoja una mahali pake, kutegemea maji ya chumvi yanafika mara ngapi na yanakaa kwa muda gani. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari. Mchu huvumilia chumvi nyingi na huitoa kupitia majani yake. Ukilamba jani lake utaonja chumvi.

Tope la pale halina hewa, hivyo kila mti umepata njia yake ya kupumua. Mkoko husimama juu ya mizizi inayotoka kwenye shina na kujikita topeni kama miguu ya buibui. Mchu husukuma juu vijizizi vingi vyembamba kama penseli vilivyochomekwa ardhini. Mbegu ya mkoko nayo huota ikiwa bado juu ya mti mama, inaning'inia kama fimbo ndogo ya kijani, kisha huanguka ikiwa tayari ni mche.

Mizizi hiyo ndiyo inayobeba kazi kubwa. Hupunguza kasi ya mawimbi na kushika udongo unaoletwa na mto. Huwaficha samaki wachanga na kamba wasiliwe kabla hawajakua. Kaa huburuta majani yaliyoanguka hadi mashimoni mwao, na kutokana na majani hayo chakula husambaa kwa viumbe wengine. Samaki wengi wanaovuliwa baharini walianza maisha yao katika mizizi ya namna hii. Zaidi ya hayo, kwa eneo lile lile, msitu wa mikoko huhifadhi hewa ya ukaa nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu, kwa sababu sehemu kubwa huzikwa ndani ya tope na kubaki humo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tope ambalo mzee aliliona halina kitu ni kitalu cha samaki, ni ukuta wa kijiji, na ni ghala. Hakuna anayelipa mshahara wa kazi hiyo, na ndiyo maana ni rahisi kufikiri kwamba haifanyiki.

3. Msitu ukikatwa

Mikoko imetumika tangu zamani na si vibaya kuitumia. Nguzo zake, yaani boriti, ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, na kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni. Gome la mkandaa lilitumika kutia rangi na kusindika ngozi. Tatizo huanza pale msitu unapokatwa wote ili mahali pake pageuzwe kuwa kitu kingine.

Mfano uko katika nchi yetu. Delta ya Mto Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika ya Mashariki, kiasi cha hekta 50,000. Katika sehemu ambazo maji baridi ya mto hufika kwa wingi, wakulima wamefyeka mikoko ili kulima mpunga. Misimu ya kwanza huwa mizuri. Baada ya misimu kadhaa magugu huzidi, mavuno hushuka, na mkulima hulazimika kufyeka sehemu nyingine. Mpunga umehama, lakini mikoko haijarudi. Wakulima wale si wajinga wala wabaya. Ni watu wenye njaa ya ardhi, sawasawa na vijana wetu wa Nyabusozi.

Na kurudisha si rahisi kama kupanda. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha nyingi za misaada zilitumika kupanda mikoko katika nchi za Asia. Huko Sri Lanka sehemu kubwa ya miche hiyo ilikufa, kwa sababu ilipandwa mahali ambapo maji na udongo havikuifaa. Taarifa zilionyesha miche iliyopandwa. Miche iliyopona ilikuja kuhesabiwa baadaye.

4. Kosa letu wenyewe

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wafadhili wetu wanastahili kulijua. Miaka iliyopita, katika usharika mmoja ambao sitautaja, mradi wetu ulipanda mikaratusi karibu na chemchemi. Andiko la mradi niliandika mimi kwa mkono wangu. Lengo lilikuwa zuri: kupata kuni na nguzo za kuuza. Miti ilikua upesi na tulituma picha zake kwa furaha.

Mwaka wa nne, wakati wa kiangazi, nilikuta foleni ya ndoo pale chemchemi ambapo zamani hapakuwa na foleni. Mama mmoja aliniambia bila hasira, "Mratibu, miti yenu inakunywa kabla yetu." Sikuwa na jibu. Katika andiko lile nilikuwa nimehesabu miche, mafungu ya kuni na fedha. Sikuwa nimehesabu ndoo za maji zilizokuwa zikitoka pale kila siku kabla hatujaja. Tulikubaliana na kamati kuing'oa miti iliyo karibu na maji, na kazi hiyo imetugharimu zaidi ya kuipanda.

Nilipokuwa ndani ya boti, nahodha akimwambia mzee aangalie chini, nilimkumbuka mama huyo.

5. Je, wageni wanaweza kuutunza msitu?

Baadhi ya wajumbe wameuliza kama na sisi hatuwezi kuleta wageni wa boti, tukaacha kilimo cha bondeni kabisa. Hatukufika Kenya katika safari hii, lakini ipo mifano miwili ya huko ambayo ni vizuri tuifahamu.

Wa kwanza ni hori ya Mida, karibu na Watamu. Mwaka 2001 shirika la Kikristo la uhifadhi liitwalo A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS. Daraja la mbao lililoning'inizwa lilijengwa kupita katikati ya mikoko, hadi kwenye kibanda cha kuangalia ndege wanaokuja kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi. Fedha za viingilio vya wageni huchangia karo za sekondari za wanafunzi wanaotoka katika familia zinazoishi kandokando ya hori hiyo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi aliyekuwa akiingia msituni kukata nguzo ili apate karo sasa ana sababu ya kuuacha msitu usimame. Tuzingatie kwamba fedha hazikuachwa zielee hewani. Zilifungwa kwenye jambo moja ambalo kila mzazi analifahamu.

Wa pili ni Gazi, katika kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hutunza hekta 117 za mikoko, na jamii huuza haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yake yamesaidia maji safi na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato si makubwa ya kumtajirisha mtu, lakini kijiji kizima huchota maji.

Hata hivyo tusidanganyike. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipozuia safari za ndege, waliotegemea wageni peke yao walibaki mikono mitupu. Kwetu, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ni habari njema, na huenda vijana wetu watapata ajira humo. Lakini kamati isiandike bajeti kwa kutegemea mgeni ambaye bado hajapanda basi.

6. Turudi nyumbani

Tukiwa njiani kurudi, mzee yule wa kamati alivunja ukimya ndani ya basi. "Bwana Mratibu," alisema, "lile ni bonde letu. Tofauti ni chumvi tu."

Alisema kweli. Mafunjo yetu hufanya kazi inayofanana na ya mikoko. Hupokea udongo unaoshuka kutoka vilimani kabla haujaingia mtoni. Hushika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Humo kambare na kamongo huzaliana, na ndege hujenga viota. Humo hutoka majani ya kuezekea na kusukia mikeka. Na udongo wa mafunjo ukikaushwa hunywea na kupasuka; rutuba inayoonekana msimu wa kwanza haidumu kama tunavyodhani.

Wenye umri mkubwa katika Ngara na Biharamulo hawahitaji kusafiri ili kujua jinsi nchi inavyoweza kubadilika upesi. Mwishoni mwa Aprili 1994 kiasi cha watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Walikuwa na haki ya kupika, na kuni zilitoka katika vilima vyetu. Tuliona jinsi vilima vilivyobaki wazi kuzunguka kambi ya Benaco, na jinsi akina mama walivyozidi kwenda mbali kila mwezi. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mahitaji yalikuwa makubwa na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuhesabu. Sisi leo nafasi tunayo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Bonde ni akiba. Lakini kijana mwenye mke na mtoto hawezi kula methali, na kamati inayomwambia "hapana" bila kumwonyesha njia nyingine haijafanya kazi yake.

7. Mambo manne ya kufanya kabla ya kikao

Kwanza, kamati iende bondeni, isikae ofisini. Waende wazee, vijana walioomba, na akina mama wanaoteka maji, wote pamoja. Wakae kimya kidogo, asubuhi mapema, kama tulivyofanya ndani ya boti, kisha waandike kila wanachokiona.

Pili, wahesabu kazi inayofanyika sasa. Ni kaya ngapi zinateka maji pale? Ni nani wanavua, wanakata majani, wanafinyanga vyungu? Kiangazi maji yanafika wapi? Hesabu hii iandikwe kwenye daftari na kusomwa mbele ya mkutano.

Tatu, waulize wataalamu na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Afisa mazingira wa halmashauri na bodi ya maji ya bonde waitwe mapema, kabla jembe halijaingia.

Nne, watafute njia ya kati pamoja na vijana. Huenda kilimo cha mboga kikafaa pembezoni, nje ya mipaka ya sheria, bila kuchimba mfereji wa kukausha moyo wa bonde. Huenda mizinga ya nyuki, mabwawa madogo ya samaki, au mbolea ya samadi kwenye mashamba ya juu vikaongeza chakula zaidi ya mpunga wa misimu mitatu. Fedha zilizoombwa kwa mifereji zinaweza kuhamishiwa huko, na tumeshawaandikia wafadhili kuwaomba wakubali badiliko hilo iwapo kamati italipendekeza.

8. Maswali ya majadiliano

(a) Katika eneo letu, ni mahali gani tunapaita "hapana kitu"? Ni nani angeumia kwanza mahali hapo pakitoweka?

(b) Katika mradi wetu wa mwisho wa kupanda miti, tuliripoti miche mingapi iliyopandwa? Mingapi imepona hadi leo? Kama hatujui, nani atakwenda kuhesabu?

(c) Kama bonde lingetuingizia fedha, tungezifunga kwenye jambo gani moja ambalo kila kaya ingeliona: karo, maji, zahanati?

(d) Vijana walioomba ardhi walishirikishwa lini katika kamati, kabla ya kuandika ombi au baada yake?

9. Neno la mwisho

Kwa wafadhili wetu: huenda robo ijayo msipate picha ya mfereji mpya wala ya shamba la mpunga. Mnaweza kupata nakala ya daftari lenye hesabu ya ndoo, samaki na kaya. Tunaomba mlipokee kama kazi halisi, kwa maana ndiyo kazi tuliyoiruka pale kwenye chemchemi.

Kwa kamati ya Nyabusozi: tutakuja wiki mbili kabla ya kikao, na tutatembea bondeni pamoja nanyi. Mzee wetu ameomba awepo. Anasema safari hii yeye ndiye atakayewaambia wengine waangalie chini.

Mratibu wa Miradi